Kibao cha Daraja la Istanbul

Siku tuliyovuka daraja la Istanbul haijanitoka, mwanangu Kemunto, hata huku Champlin, Amerika, ninapowageuza wazee wa watu kitandani. Jana uliponipigia nikiwa mapumzikoni kazini, nilikuuliza nani anakupeleka Uturuki. Ukacheka.

"Auntie, wacha wivu. Wewe si uko Amerika unakula kuku? Istanbul ni Ulaya. Ijumaa naondoka, nikitoka hapo ni Ujerumani. Uncle Ombati ndiye ananipeleka."

Nikakata simu. Si hasira. Ni hilo jina.

Ombati huyo ndiye alitupeleka sisi, mimi na Moraa, binti wa Mama Nyaboke. Sikusoma sana, lakini ile nchi naijua kwa mwili. Ni kubwa. Karibu yote iko Asia, kipande kidogo kiko Ulaya, na Istanbul imekatwa na maji, nusu huku nusu kule. Mji mkuu si huo, ni Ankara. Kuna milima yenye theluji kama hii yetu ya Januari, kuna mashamba ya pamba, kuna chai ya vigilasi ambayo mtu anakupa hata hakujui. Wenyeji hawakunikosea. Bibi mmoja jirani alikuwa akitupitishia supu ya dengu dirishani. Mimi nawataja walionikosea tu.

Ombati alituweka kwanza upande wa Asia, mlango umefungwa. Asubuhi moja akatupakia kwenye gari. "Leo mnaingia Ulaya, wasichana." Darajani kuna kibao. "Moraa, wewe mwenye kidato cha nne, msomee mwenzako."

Moraa akasoma: Karibu Ulaya. Akapiga magoti kati ya viti, akaimba kwa Kigusii, akampigia mama yake. Nilisikia vigelegele kwenye simu. Ombati akageuka akitabasamu. "Sasa leteni pasipoti niwaandikishe." Tukampa. Nani angemnyima mtu aliyekufikisha?

Na kibao hakikusema uongo, hilo ndilo linanichoma. Ila tulikuwa bado Uturuki, kama mtu aliyetoka Minneapolis akavuka mto, akaingia mji pacha wa Saint Paul, hapa hapa Amerika, akashangilia kwamba amefika Kanada.

Akatushusha kwenye karakana ya nguo, chini ya ardhi, tukate nyuzi za suruali za jinzi. Ufunguo alikuwa nao mkewe, Kerubo. Yule bibi wa supu ndiye alitueleza tuko wapi. Nikamwambia Moraa ampigie mama yake, tutafutiwe msaada. Akakataa. "Mama ameshatoa shukrani kanisani. Nimwambie nini sasa?"

Baridi ikamshika kifua. Kerubo akasema hospitali watatukamata, pasipoti hatuna. Pasipoti alizokalia yeye! Moraa akafia juu ya marobota ya jinzi. Ombati akarudi nyumbani kwetu, akamwambia Mama Nyaboke binti amefia hospitali nzuri ya Ulaya. Mpaka leo Ombati anamwamkia kanisani, naye mama anamwombea baraka.

Bibi yule alinisaidia kutoroka. Nikanyamaza miaka yote hii, kwa sababu Moraa aliniomba nisimwambie mama yake.

Mwanangu, Uturuki nenda siku moja ukitaka, wako watoto wetu waliosoma huko vizuri wakarudi. Lakini pasipoti yako ilale kwako, hata kama mtu amekufikisha mbinguni. Ukitaka kujua uko wapi, muulize ambaye hapati kitu kwa safari yako. Na ukikwama, mpigie mama yako hata kama unalia. Vigelegele vitaisha, lakini yeye anakutaka wewe.

Leo kabla ya zamu nimempigia Mama Nyaboke. Nimemwambia yote, na jina la Ombati, na la Kerubo, na safari yako ya Ijumaa. Kisha akauliza, "Kaburi lake lina jina?"

Nikamwambia lina namba tu.

Akasema, "Niletee huyo Kemunto."

Anakungoja, mwanangu. Nenda kabla ya Ijumaa, ukae naye, umtazame usoni. Mungu akutunze, na popote atakapokulaza, uitwe kwa jina lako.