Mayai ya Kanga ya NaPhiri

Kijijini kwao, nje kidogo ya mji wa Mponela, kuku akianza kuvimbisha manyoya na kunguruma kiotani, watu hawakuhangaika. Walimwita NaPhiri. Mjane huyu alikuja, akamtazama kuku, akatoa hukumu: huyu awekewe mayai, yule atolewe hamu ya kulalia. Rufaa haikuwepo.

Ila kwa mayai ya kanga, mama wa watu alikuwa hajui kitu. Kanga wake, walioletwa na marehemu mumewe, waliatamia wenyewe vichakani, na mwewe akitokea walipiga kelele hata kijiji cha pili kikasikia. Aliwapenda kuliko kuku wote. Mwaka ule nguchiro akawamaliza, yakabaki mayai manane tu. NaPhiri hakuuliza mtu. Mjuzi amuulize nani? Akayachanganya na sita ya kuku, siku moja, chini ya kuku wake mwekundu. "Yai ni yai," akasema, kama alivyozoea kuwaambia wenzake.

Siku ya ishirini na moja vifaranga sita wa kuku wakatoka. Kesho yake mama yao akashuka nao uani kuparura, mayai ya kanga akayapa kisogo. NaPhiri akambeba, akamrudisha; kuku akashuka tena. Akamfunika kwa tenga; kuku akafanya fujo tupu. Ndipo akakumbuka neno la marehemu mumewe: kanga hutaka wiki nne!

Akayatia mayai katika beseni la maji vuguvugu. Matatu yakatulia tuli. Matano yakatikisika. Wamo hai! Akayafunga kwa kitenge, akayatia kifuani, akaenda mbiombio kwa jirani yake Zelifa. Huyu alikuwa na kuku mweusi aliyelalia kiota kitupu wiki nzima, na juzi NaPhiri mwenyewe aliamuru achovywe maji, kisha aning'inizwe kwenye tenga lisilo na majani mpaka hamu ya kulalia imtoke.

"Hodi! Zelifa, yule kuku umemchovya?"

"Mara mbili, kama ulivyosema. Yumo tengani, kanuna kama mama mkwe. Mbona kifua kimejaa ghafla, dada? Uzeeni huku?"

"Usinichekeshe, yatapasuka! Mtoe."

"Si ulisema huyu mkaidi, anafaa mchuzi tu?"

"Nilisema. Mtoe, mdogo wangu. Nakuomba."

Zelifa hakuwahi kumsikia akiomba. Akaacha kucheka, akamshusha kuku. NaPhiri akaingiza mkono chini ya tumbo lenye unyevunyevu. Kuku akavimba, akanguruma, akamdonoa hadi damu ikatoka. Hamu ilikuwa bado ipo! NaPhiri nusura ambusu.

Wakamtengenezea kiota penye kigiza nyuma ya jiko. Zelifa alikuwa na sharti moja.

"Kanga wako siwataki. Ila wakitoka, useme bombani, mbele za watu, kwamba ulikosea."

Siku ya sita wakatoka vifaranga wanne wenye michirizi kichwani. NaPhiri akawalilia kwa furaha, kisha akabeba ndoo yake, akaenda bombani kulipa ahadi.

"Jamani, nilikosea. Mayai ya kanga hutangulia wiki nzima, ndipo ya kuku yafuate. Mimi niliyaweka siku moja."

Akangoja kicheko. Hakikuja. Wanawake walitazamana, na NaBanda, kikongwe aliyekuwa akipampu maji, akauachia mpini.

"Kumbe ndiyo maana," akasema. "Mwaka juzi nilitupa kumi na mawili."

"Mimi tisa," akasema mwingine. "Nikadhani kuku wangu ndiye mbaya. Nikamchinja."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje, NaPhiri?" akajibu NaBanda, bila ubaya wowote. "Wewe si hukosei."

Aibu ikamshika, aibu ya kweli. Akakaa juu ya ndoo yake, na zamu yake ikapita bila mwenyewe kujua.