Jiwe Jeupe la Upande wa Tororo

Jiwe lile alilileta mume wangu mwenyewe. Yeye ni dereva wa lori, na kwenye foleni ya Malaba utingo wake hutia jiwe chini ya tairi gari lisirudi nyuma. Hilo lilitoka upande wa Tororo, jeupe, kubwa kama mkate. Akalitumbukiza kwenye tangi letu la samaki, katikati ya majani aliyoyapanda kwa mikono yake, akasema sasa imependeza. Nami nikakubali, ilipendeza kweli.

Akaenda zake Kigali, nikabaki nalisha samaki. Kufikia wiki ya tatu majani yalikuwa manjano, machipukizi yamejikunja, na kioo kimeshika ukoko mweupe pale maji yanapoishia. Aliporudi alilitazama tangi kabla hajanisalimu.

"Umeweka maji ya kisima."

"Nimeweka ya mvua, vile ulisema."

Mama yake alikuwa ameketi hapo hapo anachambua kunde. Mume wangu akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, "Mkono wako haushiki kitu kikaishi."

Miaka saba ya ndoa, mimba mbili zimetoka. Mama mkwe hakuinua uso. Nilienda jikoni nikakatakata sukuma wiki mpaka ikawa uji, na niseme ukweli, siku hiyo nilimchukia.

Alipoondoka tena nikajiambia sitalia, nitatafuta. Nikachota maji ya tangi nikafulia leso. Sabuni ikakataa kutoa povu. Kwa maji ya mvua kutoka pipani, povu tele. Basi nikabadilisha maji ya tangi kwa ya mvua, kidogo kidogo mpaka povu likatoka, maana ukiyabadilisha yote mara moja unaua samaki. Baada ya siku kumi sabuni ikakataa tena. Kikulacho ki nguoni mwako. Kitu kilikuwa humo ndani kinayafanya maji magumu.

Nikampigia simu mzee wa pale Busia aliyetuuzia samaki.

"Dada, kuna jiwe jipya humo? Litoe, likwaruze, ulikamulie ndimu."

Nililikamulia. Kisha nikapanga nguo zangu kwenye begi, nikaliweka kitandani, nikamngoja mwenyewe.

Alipoingia nilimwambia akae, mama yake naye nikamwomba asiondoke. Mezani niliweka mawe mawili. Nikakamua ndimu juu ya lile jeusi la mtoni, ambalo lilikuwa tangini tangu mwanzo. Kimya. Nikakamua juu ya jeupe. Likachemka mapovu, tukalisikia wote watatu.

"Hili ni la chokaa," nikasema. "Linayeyuka polepole, maji yanakuwa magumu, na majani yako yamezoea maji laini. Nani alilileta?"

Mama mkwe alimtazama mwanawe, mimi nautazama mlango wa chumbani. Angecheka tu, hata kidogo, ningelibeba lile begi na nisingerudi.

Alilichukua lile jeupe akalitupa nje barabarani. Akarudi, akasimama karibu na mlango bila kuketi. Hakunitazama mimi.

"Mama," akasema, "mimba ya pili ilipotoka, daktari alitaka kutupima sisi wawili. Huyu alienda. Mimi ndiye nilikataa."