Msiba Chini ya Jiwe la Bluu

Mimi ni mchora mabango hapa Babati, na sioni aibu kujisifu: saluni na maduka mengi ya Maisaka yamepita mkononi mwangu. Kwa hiyo tajiri mmoja wa Mererani alipojenga gesti yake huku, alinitafuta mimi. Alitaka ukuta wa mbele uchorwe jiwe moja kubwa la tanzanite.

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mwanaapolo, mchimbaji kwenye shimo la tajiri huyo huyo. Aliingia chini, shimo likaporomoka, hakutoka. Tajiri akashikilia kwamba alikuwa ameshaondoka kwenda kutafuta maisha kwingine. Wanaapolo hawana mshahara. Wanakula ugali wa tajiri wakisubiri mawe yatoke. Nani angethibitisha kwamba alikuwemo? Maiti haikuonekana, matanga hayakukaliwa. Dada yangu akabaki si mke, si mjane.

Jiwe nililichora, bluu yake inaita. Chini yake nikamchora shemeji akitoka shimoni, mweusi kwa vumbi, meno nje, kofia ya tochi imekaa upande kama alivyozoea kuivaa. Aliyemfahamu hakuhitaji kuuliza.

Tajiri alipopata habari, alinipigia simu akifoka.

"Fundi, nilikuagiza jiwe! Huyo mtu simtaki. Kesho nakuja na rangi nyeupe, namfuta mwenyewe."

"Karibu, bosi," nikamjibu. Hasira nilikuwa nayo, hofu sikuwa nayo.

Nilimweleza dada. Hakulia. Alijifunga khanga, akaenda kwa akina mama wenzake wa jumuiya. Asubuhi niliwakuta wametandika mikeka chini ya ukuta, chai iko motoni, wanaimba nyimbo za maziko. Wapita njia walikuwa wanasimama kutoa pole, maana huku kwetu hakuna anayepita msiba kimyakimya, hata kama hamjui marehemu.

Tajiri akashuka garini na ndoo yake ya rangi. Nyimbo zikakoma, watu wote wakamgeukia. Alimtazama shemeji pale ukutani, akaitazama mikeka. Mwishowe aliweka ndoo chini, akavua kofia, akamwinamia dada yangu kama alivyofundishwa kwao.

"Pole na msiba, mama."

Dada alimshika mkono, hakuuachia haraka.

"Asante, baba," alisema. "Sasa nimefiwa."