Tonge Moja kwa Kila Hoja

Nikisikia harufu ya asumini iliyochanganyika na jasho na mkojo wa watoto wachanga, najikuta nimekaa sinema. Msinicheke. Waliokulia Tanga katika miaka ya hamsini, siku za Mwingereza, wanajua ninachosema. Kwenye sinema yetu Jumapili alasiri ilikuwa ya wanawake watupu, na ukumbi ulijaa mabuibui mpaka kwenye ngazi. Kila mama kaja na mtoto mapajani na njugu kwenye kikapu, udi bado unanukia kwenye nguo, na mapangaboi ya darini yanazungusha joto lile lile. Kiingereza hatukijui. Picha ikianza, kila mtu anamweleza jirani yake hadithi kama anavyoiona yeye, tena kwa sauti, na anayekwambia nyamaza ndiye anayeonekana hana adabu.

Mwaka ninaotaka kuusimulia zilikuja sinema tatu za mambo ya angani na madude ya kutisha, zile ambazo wajukuu wangu siku hizi wanaziita za sayansi ya kubuni. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyetupeleka, mimi na dada yangu Mwanahamisi. Mimi, Tatu, nilikuwa na miaka tisa. Dada Mwana kumi na sita. Ya kwanza ilikuwa ya jongoo aliyekua mpaka akawameza watu pamoja na behewa lao la treni. Ya pili ya watu wa kioo walioteremka kutoka nyotani wakahamia majumbani mwa watu bila kuonekana. Ya tatu ya mzee mmoja, binti yake na vijana wawili waliokwenda mwezini, na hiyo mwisho wake hatukuuona. Chombo kimeharibika, mafuta hayatoshi kuwarudisha wote wanne, wamesimama wanatazamana, mara kitambaa cha sinema kikabaki cheupe. Mwenye sinema akaja mbele akasema sanduku la mwisho la filamu halikufika na treni. Loo, matusi aliyoyapata siku ile! Tukarudi nyumbani Chumbageni tunabishana ipi bora ya mwaka, na Shangazi anatusihi tupunguze sauti, tuko barabarani.

Wiki mbili baadaye Dada Mwana akafungiwa chumbani. Posa ilikuwa imeletwa kutoka Mombasa, ya jamaa wa baba, mfanyabiashara aliyefiwa na mke, mtu mzima mwenye mvi za ndevu. Baba hakuwa mtu wa kumwoza mtoto kwa nguvu, alilisema hilo kila siku. Alitaka ndiyo ya Dada mwenyewe, na alikuwa tayari kuingoja hali mlango umefungwa kwa nje. Dada hakusema ndiyo wala hapana. Alisusa kula. Mama alipika bada, ule ugali wetu wa muhogo, akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akapika hata mkate wa kumimina ambao kwetu ulikuwa wa sikukuu, na sahani zikatoka zilivyoingia. Siku ya nne nilimwona Mama kakaa jikoni, kashika mwiko, analia bila sauti, moshi wote unampiga usoni naye hasogei.

Hapo ndipo nilipopewa kazi. Mama alinivuta mkono akaninong'oneza, "Dada yako anakusikiliza wewe tu. Mwanangu, nisaidie, atanifia huyu." Mtoto wa miaka tisa unamwambia maneno hayo! Nikachukua sahani nikaingia. Chumba kilikuwa na dirisha moja la nondo linalotazama uani, na Dada alikuwa amelala kageukia ukuta, shingo imekuwa nyembamba, midomo imekauka. Sikujua niseme nini, nikasema la kwanza lililonijia: "Jongoo ndiye bora ya mwaka, na ya mwezini ni upuuzi." Akageuka. "Upuuzi?" akasema. "Ya mwezini?" Akaketi kitako kwa hasira, akanieleza kwamba jongoo yule alikuwa mpira uliovutwa kwa kamba, kamba yenyewe aliiona, na kwamba mtu mwenye akili haweki mnyama wa shambani mbele ya binti aliyekwenda mwezini kwa miguu yake. Tukabishana mpaka adhana ya alasiri. Mwisho akacheka kidogo, akaniwekea sharti: kila nikimshinda hoja moja, atakula tonge moja.

Enyi watu, sijapata kuhangaika maishani mwangu kama nilivyohangaika majuma yale. Dada alikuwa na ulimi, alinijua, na hoja za kitoto alizipangusa kama makombo. Nilikwenda chuo cha Kurani, Mabawa, nisijali sabaki yangu ya siku wala fimbo ya mwalimu, nawauliza wenzangu chinichini: jongoo anamzidi nini binti wa mwezini? Mmoja akasema jongoo alituliza watoto waliokuwa wanalia, na sinema ya kunyamazisha watoto ni sinema. Hoja hiyo ilinipa tonge. Mwingine akasema mwezini hakuna miti, sasa watu wale walipumua nini? Matonge mawili, maana Dada alishindwa kabisa. Nilipowatetea watu wa kioo, nikasema hao angalau waliingia majumbani mwa watu bila kubisha hodi, hakuna mlango uliowazuia, alikula tonge bila kubishana, akageukia ukuta. Nilijua nimemuumiza, lakini tonge lilikuwa limemezwa, na mimi nilikuwa nayahesabu matonge tu.

Kisha hoja zikaniishia. Nilisimama mlangoni na sahani, kichwa kitupu, nikaanza kurudia za jana, naye akafumba macho. Siku mbili hakula kitu. Mama akaenda kwa Baba, nikamsikia akimbembeleza, "Mume wangu, mtoto anaisha," na Baba akijibu kwa upole ule ule wake, "Namngoja aseme mwenyewe." Upole ule niliuchukia kuliko kipigo. Jumamosi Shangazi akaingia na habari kwamba ya mwezini imerudi, sanduku la mwisho limepatikana, itaonyeshwa kesho. Dada akaniita kitandani. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Nenda ukaone," akaniambia. "Ukirudi ukaniambia wamerudi wote wanne, nitakula sahani nzima, na Baba nitamjibu ndiyo. Akibaki hata mmoja, usiniletee sahani tena."

"Kwa nini, Dada?"

"Nimechoka kufikiri, Tatu. Wafikirie wao."

Nilikaa ukumbini nimeshika nondo ya kiti, naomba dua zote ninazozijua. Picha ikafika pale ilipokatikia, wanne wanatazamana. Vijana wakasema maneno, mzee akasema maneno, na sisi hatukuelewa hata moja, lakini macho hayahitaji Kiingereza. Yule binti akavua kamba ya kiunoni, akashuka ngazi, akasimama kwenye lile vumbi jeupe. Baba yake akafunga mlango. Chombo kikaondoka, na mkono wake ukabaki juu, mdogo, mdogo zaidi. Ukumbi mzima ukapiga kelele. "Baba gani huyu!" mama mmoja nyuma yangu akalia. "Fungua mlango, mlaaniwa wee!" Nikamgeukia Shangazi nikamwuliza kama kuna sanduku jingine limebaki. Akatikisa kichwa, na buibui lake alikuwa amelivuta mpaka mdomoni.

Njia nzima nililia, na tulipofika uani nikanawa uso kwenye mtungi. Nikaenda dirishani. Dada alikuwa ameshika nondo, kasimama, sijui nguvu alizitoa wapi. Nikasema, "Wamerudi wote. Mafuta yalitosha. Binti kashuka wa kwanza, kambusu baba yake." Shangazi alikuwa nyuma yangu, amesikia kila neno. Alivua buibui, akalikunja, akaingia ndani. Jioni ile Dada alikula sahani nzima ya wali, polepole, nami namtazama, na Mama mlangoni anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi. Kesho yake akamjibu Baba. Mwezi haukwisha, akapanda basi la Mombasa.

Ndoa ile ilidumu miaka mingi. Hakupigwa, hakutukanwa, alizaa watoto watano, na kila alipokuja Tanga kwenye msiba alikuwa mtu wa maneno machache, yeye ambaye ulimi wake ulikuwa ukinitoa jasho. Sikuthubutu kumgusia sinema. Mpaka uzeeni, alipougua, nikamfuata Mombasa, nikakaa ukingoni mwa kitanda chake na sahani ya uji mkononi, ikanitoka yote. Nikamwambia nilidanganya, binti aliachwa.

"Najua," akasema. "Niliiona. Mwezi wa tatu wa ndoa, mume wangu mwenyewe alinipeleka."

"Yarabi! Ukafanya nini?"

"Nikarudi nyumbani nikapika. Ulitaka nifanye nini?" Akaupokea uji, akanywa kijiko kimoja, akanitazama. "Lakini jongoo wako bado upuuzi."

Tulicheka mpaka tukalia. Mwaka ule ule nikamzika.

Sasa wajukuu zangu wanakaa sebuleni na simu zao, wanabishana ipi bora ya mwaka katika hizo za sayansi ya kubuni. Mwisho wanaujua kabla hawajaanza kutazama, na isipowapendeza wanaifuta wanatafuta nyingine. Milango yao iko wazi, wasichana wanatoka na kuingia, na posa isiyotakiwa inarudishwa kwa simu. Kwa hilo namshukuru Mungu na simwonei mtu haya. Juzi mjukuu wangu mmoja alitaka kunitafutia ile ya mwezini. Jina lake silijui, lilikuwa la Kiingereza. "Basi haipatikani, Bibi," akasema, akaendelea na mambo yake. Nami nikaendelea na yangu, yale yale ya kila siku. Jumapili ile ingerudi, ningesema kweli? Nikiikumbuka shingo yake na ile sahani iliyokwisha, nasema ningedanganya tena. Nikiikumbuka miaka yake yote ya kunyamaza, nasema hapana, ningesema. Hoja ninazo za pande zote mbili, nzuri, za kumshinda yeyote. Mtu wa kubishana naye ndiye sina.