Moto wa Kwa Shangazi

Moshi wa makumbi ya nazi ulinipiga puani jana jioni, nikasimama njiani na fimbo yangu.

Tulipokuwa watoto, uwanja ule wa kwa shangazi haukuwa na ukuta. Jiko letu likizimika, mama alinipa kumbi nikaombe kaa la moto kwa shangazi. Mwenye kuomba moto hapigi hodi, anapita moja kwa moja mpaka jikoni. Siku moja kaa lilinizimikia njiani, nikarudi kwa shangazi nalia, na wanawake wa pale jikoni wakacheka.

“Mwanamke gani huyu hajui kupuliza?” akasema shangazi. “Mumeo atakula mihogo mibichi!”

Akaniwekea kaa jingine, kubwa, akanisindikiza mpaka kwetu huku analipuliza yeye.

Jana moshi ulitoka nyuma ya ukuta mrefu, kwenye nyumba wanazopanga wageni wa makampuni. Mlinzi alikuwa anachoma makumbi kufukuza mbu. Geti lilikuwa wazi, nami nikapita moja kwa moja.

“Bibi, bibi! Unamtafuta nani humu?”

Nikamtajia wenye uwanja wote, jina baada ya jina, mpaka vitoto vyao vya mgongoni.

Akasikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza, “Hao wako kampuni gani?”