Amana ya Mfaransa

Wiki ile ya kukaribia Ramadhani, Mama na Bibi walikuwa uani Unguja wanachagua choroko. Jirani yetu Mfaransa, mnunuzi wa karafuu, akapiga hodi na chupa mkononi. Anasafiri, na hawaamini watumishi wake. Akamweleza Baba kuwa ni mvinyo mweupe wa shamba moja tu la mizabibu kwao, la tangu enzi za wafalme, hauchanganywi na wa shamba jingine. Kauweka kwa harusi ya binti yake, wa rika langu.

"Shamba moja tu, na majisifu yote hayo?" Bibi alininong'oneza. "Masikini. Sisi tunayo matatu."

Nilificha uso kwenye mtandio.

Baba alikataa. Kileo hakiingii kwake. Mfaransa, aliyekijua Kiswahili, akasema, "Basi naiweka amana kwako."

Neno hilo lilimfunga. Baba akaipokea kwa kitambaa, akaisukuma nyuma ya chupa za marashi.

"Kileo chumba kimoja na msahafu?" Mama akauliza.

"Sikupokea kileo, mama Zuwena. Nimepokea amana."

Zuwena ndiye mimi. Ndo kwanza nilikuwa naingia sekondari.

Siku chache baadaye mapinduzi yakatuamsha kwa bunduki. Tulitoka na nguo za mwilini. Mtaa wa pili unawaka. Kwenye kona Baba akasimama.

"Amana ya watu."

"Iwache, baba Zuwena."

"Ntamjibu nini mwenyewe?"

Akarudi.

Nilimwona anatoka mlangoni, kaikumbatia.

Bunduki ikalia mara moja.

Alikaa kitako polepole, mgongo ukutani, kama mwenye mtoto aliyelala mapajani. Chupa haikuvunjika.

Mama aliitoa mikononi mwake kabla ya kumfumba macho. Siku ile nilimchukia. Sasa najua: amana humwangukia mrithi, na mpaka irudi, Baba yuko huko kaburini kafungika nayo.

Toka kambini tulikokusanywa mpaka meli ya Maskati, chupa ilikaa ndani ya mto wa sufi. Forodhani Maskati askari akaupapasa mto, akauliza ni nini. "Mo hadha?"

"Khall," Mama akajibu. Siki. Sijamsikia akisema uongo mwingine.

Miaka imekwenda. Kila anayekuja kwetu Wadi Kabir kutoka Unguja, Mama humuuliza habari za Mfaransa. Mimi naona haya kwa wageni, nasikiliza nyuma ya pazia. Jibu ni lile lile: hajarudi, hajulikani aliko.

Juzi stoo ikanuka. Joto la hapa limekisukuma kizibo nje. Bibi akanusa, akachovya kidole, akalamba.

"Ishageuka yenyewe. Siki hii, halali. Mkitaka itieni kwenye kachumbari."

Alitaka tucheke. Mama akakaa chini pale pale, juu ya magunia.

"Mimi nlisema siki," akasema. "Kwa mdomo wangu."

Mimi nilifuta sakafu.

Mama kaifunga chupa kwa kitambaa, kairudisha ndani ya mto. Mwenyewe hata akija, alichokiweka hakimo. Na yule binti, pengine keshaolewa.