Nilifungua Laptop ya Mume Wangu, Shemeji Ndiye Akapigwa Mawe

Mhariri, tafadhali ondoa jina langu na la kijiji. Gazeti lenu kwetu haliingii, mimi hulisomea kwa rafiki. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mitatu, nina watoto wanne, na shule niliachia darasa la tano. Niko upande wa Khayega, hapo inatosha.

Mume wangu ni karani wa mradi wa maji. Mwaka huu ofisi ilimpa laptop, ile kompyuta inayokunjwa kama kitabu. Alituambia ina waranti ya mwaka mmoja: ikiharibika yenyewe, duka lililoiuza linatengeneza bure, mradi mtu asiifungue. Mimi nilisikia "bure" tu, hiyo ingine ikanipita.

Msimu wa kuchoma miwa, masizi huingia kila mahali. Laptop ikaanza kupiga kelele na kuwa moto kama pasi. Cherehani yangu ikilia hivyo huwa naifungua, napangusa, natia mafuta. Basi mume wangu akiwa kanisani nikachukua bisibisi. Skrubu moja ilikuwa imefunikwa na kikaratasi, nikakibandua nikidhani ni cha bei. Nikatoa masizi, nikatia feni mafuta ya cherehani. Kikaratasi nikakirudisha kwa obusuma kidogo, gundi sina. Nilijua nimemsaidia.

Kesho yake haikuwaka. Fundi wa duka akamwambia, "Mzee, hii seal imebandikwa na ugali. Waranti imeisha." Ofisi nayo ikamwambia alete aliyeifungua ama aache kazi.

Mimi hakuniuliza. Nani atamshuku mwanamke wa darasa la tano? Alienda moja kwa moja Lubao, siku ya soko, kwa mdogo wake anayetengeneza redio. Nilimfuata mbio.

"Umetoa nini ndani ya kompyuta yangu?"

Shemeji akacheka. "Ndugu yangu, mimi ni wa redio. Hiyo yako hata kuiwasha sijui."

"Unanichekea? Mwizi! Mwizi huyu!"

Hilo neno sokoni! Hakuna aliyeuliza. Wauza ng'ombe wakaja na fimbo, wengine mawe. Nilisikia mkono wake ukivunjika kama muwa. Damu ikimjaa mdomoni alikuwa ananiita, "Mulamwa, shemeji yangu, waambie! Waambie sijafika kwenu wiki mbili!"

Nikafungua mdomo. Mume wangu akanigeukia na fimbo yenye damu. "Wewe unajua kitu?"

Nikasema sijui.

Askari wa chifu ndio walimtoa. Amelazwa, jicho moja limekufa, na amefungwa pingu kwa kitanda kwa kesi ya wizi. Nilimpelekea uji, nikalia. Akanishika mkono. "Usilie, mulamwa. Ni wewe tu hunitembelea. Lakini sikia, nikitoka hapa nitamkata huyo ndugu yangu. Siku hiyo watoto wasikuwe nyumbani."

Anajua kusema na kufanya. Mume wangu pia. Alishanitoa meno mawili kwa sababu ya chai baridi, sembuse hii. Mama mkwe amekonda, halali, anamuuliza Mungu yeye amezaa nini.

Kesi ni wiki ijayo. Nguo za watoto nimezificha kwa jirani. Msiniambie niombe, nimeomba hadi sauti imekauka. Nishaurini, wamama wenzangu: nisimame kortini niseme ni mimi, ama nipeleke watoto kwetu kwanza ndio nirudi kusema?